Kitenzi Kilichouchukua Uwanja wa Mzee Kondo

Miaka kumi na moja Bernadeta alichapa barua na kutafsiri mikataba katika kibanda chake cha steshenari pale Tandika, wala hakuna aliyewahi kurudi kulalamika. Hadi Jumanne moja alipoingia Mzee Kondo wa Mbagala, anahema.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Uliniambia uwanja watauchukua nikishakufa. Mbona wanajenga ukuta nami ni mzima?"

Bernadeta aliukumbuka mkataba ule. Miezi miwili nyuma, kampuni ya maghala ilimpa mzee mkataba wa Kiingereza, naye akauleta kwa Bernadeta amsomee. Ndani yake mlikuwa na kitenzi "demise". Neno hilo Bernadeta alilijua kwenye matangazo ya misiba tu, na siku ile foleni ilikuwa ndefu. Akamwambia mzee kwamba akifariki, uwanja utakwenda kwa kampuni miaka thelathini na mitatu. Mzee akacheka, "Nikifa nitakaa uwanjani kufanya nini? Wanangu wana kwao." Akaweka dole gumba.

Sasa ndipo Bernadeta alipofungua kamusi kubwa. Kitenzi kilitoka Kifaransa cha zamani, maana yake kuachilia, kutoa mkononi. Wanasheria wakakitumia kwa mtu anayekabidhi ardhi yake kwa mpangaji. Mfalme alipokufa, ufalme nao ulihesabiwa umekabidhiwa kwa mrithi; taratibu watu wakakiita hivyo kifo chenyewe. Maana aliyoijua Bernadeta ilizaliwa mwisho. Mikataba ilikuwa bado na ile ya kwanza.

Angeweza kusema mzee alisikia vibaya. Shahidi hakuwepo.

"Kosa ni langu, baba. Sikuangalia."

Mzee alimtazama. "Hukujua, au hukutaka kuniambia kwamba hujui?"

Bernadeta akafunga kibanda, wakaongozana hadi baraza la kata, akaandika kwa mkono wake mwenyewe kuwa ndiye aliyempotosha. Wakili wa kampuni akasema dole gumba ni dole gumba. Baada ya vikao vitatu wasuluhishi waliambulia kumrudishia mzee kipande tu: njia ya kuingilia nyumbani na minazi mitatu. Sita ilikuwa imeshakatwa.

Mzee Kondo akakubali, amechoka. Kibandani hapiti tena. Barua zake anapelekewa na binti yake Mauwa kwa mchapaji mwingine. Bernadeta bado anachapa. Akiletewa mkataba wa Kiingereza, anausoma mara mbili, kisha anamwambia aliyeuleta aende kwa mwanasheria. Wengine hukasirika, wakamwambia anaringa.