Randi Mia Mbili za Julienne Nabintu

Julienne Nabintu alizaliwa Bukavu, Kongo. Alifika Durban mwaka 2006 kwa njia ya Lubumbashi na Zambia, mjane wa miaka thelathini na mbili, akaanza kwa kufagia saluni za wengine. Kufikia 2011 alikuwa na meza yake ndani ya duka moja la Overport, akiuza chaja, kava na simu zilizotumika. Kanisani walimjua kama mama asiyependa maneno mengi.

Mwaka huo alinunua simu tatu kwa kijana asiyekuwa na risiti. Bei ilikuwa ndogo mno. Baadaye yeye mwenyewe alisema kwamba aliliona hilo, akanyamaza. Polisi walipozikuta mezani, mbili zilikuwa za wizi.

Mahakamani alikiri kosa. Hakimu hakumpeleka jela. Alimpa miezi kumi na minane ya kutumikia adhabu akiwa nje: awe nyumbani kila siku kabla ya saa kumi na mbili jioni, aripoti ofisi ya usimamizi kila Alhamisi, afanye usafi wa zahanati Jumatatu mbili kwa mwezi bila malipo, na achangie randi mia mbili kila mwezi kwa gharama za kusimamiwa.

"Mungu ni mukubwa," aliwaambia wenzake. "Mia mbili si kitu. Jela ndiyo iko mbaya."

Alisema hivyo akidhani meza bado ni yake. Wiki iliyofuata mwenye duka alimwambia achukue vitu vyake. Lyse, Mrundi mwenye saluni Umbilo Road, alimpa kiti cha kusukia kwa makubaliano ya kugawana nusu kwa nusu. Kodi ya chumba alichokuwa akiishi Overport ilimshinda, akahamia chumba kimoja Isipingo, mbali na katikati ya mji. Kutoka huko hadi saluni ni taksi mbili, na kurudi mbili. Ili awahi saa yake ilimbidi aondoke saluni saa kumi, na Jumamosi saa kumi ndipo wateja wa rasta ndefu wanapoingia. Lyse aliwapa wengine wateja hao. Alhamisi, nusu ya siku iliishia kwenye foleni ya ofisi.

Alilipa miezi mitano. Wa sita hakulipa, wala wa saba. Alhamisi ya kwanza ya mwezi wa nane wa adhabu aliona aibu kwenda mikono mitupu, akabaki saluni anasuka.

Kesho yake ofisa aliyemsimamia, Mama Mkhize, aliingia saluni na faili kwapani. Julienne alikuwa katikati ya kichwa cha mteja. Walizungumza Kiingereza, cha Julienne kikiwa cha kuokoteza.

"Jana hukuja. Unajua maana yake?"

"Sina ile pesa, mama."

"Sikukuuliza pesa. Nimekuuliza kwa nini hukuja. Kutolipa tunaweza kukuombea. Kutokuja ni kama kutoroka." Mama Mkhize alizitazama zile nywele zilizosukwa nusu. "Eish, Julienne. Andika maombi wapunguze. Mimi nitayapeleka. Lakini usijifiche tena."

Maombi yaliandikwa, na mwisho wa mwezi huo Julienne aliitwa mbele ya kamati ya ofisi hiyo. Walikuwa watu watatu wakiongozwa na mwanamume mmoja mwenye miwani. Kwa kuwa Kiingereza chake hakikutosha kujitetea, walimletea mkalimani. Aliitwa Pandu, mtu wa Unguja, mwenye shati lililopigwa pasi vizuri, aliyekuwa akilipwa kwa kila kikao.

Julienne alisimama. "Mimi natosha mia mbili kila mwezi," alisema. "Miezi tano. Sasa siwezi tena. Naomba mupunguze."

Pandu akawaeleza kamati kwa Kiingereza: "Anasema mia mbili kwa mwezi inamtosha. Alilipa miezi mitano. Sasa hawezi kuendelea, anaomba ipunguzwe."

Mwenye miwani aliweka kalamu chini. "Kama kiasi hicho kinamfaa, sisi tupunguze nini? Mwambie asitupotezee wakati."

Pandu alipomrudishia maneno hayo, Julienne alimgeukia.

"Nani alisema inanienea? Haienei hata! Nimesema natosha."

"Ndiyo, dada. Umesema inatosha."

"Natosha, papa! Natosha!" Alifungua pochi, akavuta noti ya randi kumi, akaiweka juu ya meza ya kamati. "Hivi. Natosha mu pochi, naweka hapa. Kutosha ni hivi."

Pandu aliitazama noti. Katika chumba kile, zaidi yake na Julienne, hakuna mwingine aliyejua Kiswahili, na malipo yake ya siku yalikuwa yaleyale vyovyote ambavyo angesema. Akasimama.

"Waheshimiwa, kosa ni langu. Neno alilotumia, kwetu maana yake ni kuwa kiasi kinafaa. Kwao Kongo ni kutoa. Amesema amekuwa akitoa mia mbili. Hakusema inamfaa."

"Na mangapi mengine umekosea?" aliuliza mwenye miwani.

"Sijui. Ndiyo maana naomba tuanze mwanzo."

Walianza mwanzo. Safari hii Pandu alimwuliza kila neno alilolitilia shaka, na kikao kilichopangiwa robo saa kikachukua karibu saa nzima. Julienne alieleza nauli, kodi, Jumamosi za saa kumi. Mama Mkhize alithibitisha kwamba Alhamisi aliyokosa ilikuwa moja tu.

Nje, kwenye korido, Pandu alimfuata. "Dada, nisamehe. Ningekuponza."

"Wewe unasema Kiswahili ya kitabu," Julienne alimjibu. Aliegemea ukuta. "Hata nami nilidhani unanielewa. Lakini ulisimama. Wengine hawasimami."

Kamati iliyapeleka maombi kwa hakimu, na jibu lilikuja mwezi wa kumi wa adhabu. Mchango ulishushwa hadi randi sitini. Kuripoti kukawa Alhamisi mbili kwa mwezi badala ya kila wiki. Malimbikizo hayakufutwa, ila aliruhusiwa kuyalipa kidogo kidogo. Saa ya kurudi nyumbani ilibaki ileile. Julienne aliisoma barua kwa msaada wa Lyse, akaomba isomwe tena, kisha akatoka nyuma ya saluni akalia peke yake, jambo ambalo hakulifanya hata siku ya hukumu.

Alimaliza adhabu Mei 2013. Siku hiyo aliuliza kama kuna cheti cha kuonyesha amemaliza. Mama Mkhize alicheka, akasema cheti hakuna, ila atampa barua yenye muhuri. Julienne aliikunja mara mbili, akampa ofisa mkono, akashuka ngazi haraka. Mteja wa saa nne alikuwa ameshapiga simu mara tatu.