Mficha Maradhi, Chaki Humuumbua

"Hizi alama ni za nini? Nijibu, jirani! Tatu, nimezihesabu mwenyewe!"

Saa sita kasoro mchana, na barazani kwa fundi cherehani anayejulikana mtaa mzima kama Mama Pindo hapapitiki. Aliyesimama katikati, gauni la satini mkononi limegeuzwa ndani nje, ni muuza mayai wa mlango wa pili. Naye ana jina lake: Redio. Habari ikiingia kwake asubuhi, jioni imeshazunguka mitaa mitatu na kurudi imenenepa.

"Ni chaki tu, mwenzangu. Inafutika," anasema Mama Pindo, macho hayatoki kwenye sindano.

"Chaki ya kukatia naijua. Hii ni misalaba! Ndani ya mshono! Nguo ya mwanangu anayeolewa Jumamosi! Umemfanyia nini?"

Gauni hilo ni la kwanza kati ya manane ya harusi. Vitambaa saba vilivyobaki vimo kapuni chini ya meza, na Redio ameshalishika kapu mkono mmoja. Asipojibiwa, anaondoka navyo. Akiondoka navyo, nani tena ataleta nguo kwa fundi anayechora misalaba kwenye mishono ya watu?

Ng'ambo ya njia, mafundi viatu wameacha nyundo hewani.

Mama Pindo anasimamisha miguu kwenye kanyagio. Anavua miwani. Ana siri ya miaka sita, na aliyekuwa akimficha hasa ni huyu huyu aliyeshika kapu.

"Basi kaa," anasema. "Kichwa changu huwa kinapiga chafya. Kila kikipiga, naweka alama."

Redio anakaa. "Kichwa... kinapiga nini?"

Ilianza akiwa na miaka thelathini na minne, siku moja akipiga pasi kola. Ghafla tumbo likaruka, kama mtu anayeshuka ngazi akakosa kidato. Kisha upande wa kushoto wa kichwa, ndani kabisa, kitu cha vuguvugu kikamwagika kama chai kwenye kisosi. Akasikia harufu ya uzi unaoungua, na hakuna uzi uliokuwa ukiungua.

"Halafu kila kitu nikaona nimeshakiona," anasimulia. "Hata nzi aliyetua kwenye meza, nilimjua! Nusu dakika, kwisha. Nikatazama pasi, pasi ikanitazama."

Hospitali alikwenda. Kosa lilikuwa neno. Kila alipoulizwa, alijibu "kizunguzungu", maana ndilo neno la heshima ambalo watu wazima hulitumia. Kwa neno hilo akapimwa presha, akapewa vidonge vya kuongeza damu, akaishia kuvalishwa miwani.

"Miwani siijutii, natungia uzi. Lakini kichwa kiliendelea na mambo yake."

Mwaka jana, akiwa amechoka, alimwambia daktari mgeni: "Mimi sina kizunguzungu. Kichwa kinapiga chafya." Daktari akaweka kalamu chini. "Hebu nieleze hiyo chafya, polepole."

Akabandikwa nyaya kichwani. "Nilikaa kama ninayesukwa na watu wasiojua kusuka," anacheka. Jibu lilipokuja, lilikuwa kifafa.

"Nikamwambia amechanganya mafaili. Mimi sijaanguka hata siku moja!" Daktari akamweleza kwamba si kila kifafa huangusha. Kipo cha cheche fupi kwenye kona moja ya ubongo, na mwenyewe akabaki macho, akiitazama inavyopita.

Akapewa dawa, asubuhi na jioni bila kuruka, na kazi ya kuandika kila inapomjia.

"Daftari nilitoe wapi na mita sita za satini mapajani? Chaki ndiyo iko mkononi."

Ndipo ulipozaliwa msalaba. Jioni huinakili misalaba ya siku kwenye kalenda ya ukutani, kisha huifuta kwa brashi. Mwezi wa kwanza wa dawa ilikuwa kumi na mmoja. Mwezi uliopita, minne. Juzi alipiga brashi nguo zote, akalisahau gauni hili.

"Mficha maradhi, chaki humuumbua," anasema.

Redio bado hajaliachia kapu, lakini macho yamehamia kwenye cherehani ya mota iliyofunikwa shuka pembeni. Mama Pindo anamwonyesha ukucha wa kidole cha shahada uliopasuka katikati. Chafya ilimkuta akishona kwa mota, na mota haikusimama.

"Mota hainijui. Hii ya miguu, nikisimama inasimama, inanisubiri." Sketi sita alizokuwa akishona kwa siku sasa zimekuwa nne.

"Kumbe! Na mimi nilitangaza umegombana na bwana kuhusu umeme."

"Najua. Aliulizwa sokoni."

Kicheko kinavuka hadi kwa mafundi viatu. Redio anasogeza kigoda.

"Inauma?"

"Haiumi."

"Inaambukiza?"

"Unavyokaa hapa kutwa, ungekuwa umeshaipata."

"Na ukianguka je, nikutie kijiko mdomoni?"

"Thubutu! Usinitie kitu. Ondoa mkasi, nilaze ubavu, tazama saa. Zikipita dakika tano, nikimbize hospitali. Kijiko ni cha kulia chakula."

Redio anaigeuza ile misalaba mwangani, mmoja mmoja, kama anayekagua mayai. Kisha mkono unaliachia kapu. Anauliza jambo ambalo mtaa huu haujawahi kumsikia akiuliza:

"Nitangaze, au nisitangaze?"

Mama Pindo anaitazama kalenda. Hesabu yake iko ukutani: mwezi huu, misalaba mitatu, yote ya gauni hili. Anachotamani ni mwezi mmoja mweupe, kisha mwingine, mpaka daktari amruhusu kuifunua ile mota.

"Tangaza," anasema. "Ila kama nilivyosema mimi, usininenepeshee. Na uanze na habari ya kijiko."

Kutoka ndani, mumewe anaita kwamba chakula kinapoa.

"Ingia tule, jirani."

"Mimi nimekuja kugombana, sikuja kula."

"Utagombana umeshiba," anasema Mama Pindo, akimshika mkono. "Na kijiko kipo. Leo kitaingia kwenye mdomo unaokihitaji."