Mimi goth wa Litein, na nguo ya kuzikwa ya nyanya yangu

Wakuu, nawasalimu kutoka Litein, ambako leo jua limetukumbuka. Ninayosimulia nimeyaona kwa macho haya haya yaliyojaa wanja.

Mimi ni goth. Nguo nyeusi, lipstick nyeusi, pete ya fuvu. Ndiyo, tupo hata huku kwenye majani chai.

Watu hudhani natoka matanga. Kuna mama mboga hunipa pole kila siku ya soko. Nilichoka kukataa, siku hizi napokea tu.

Goth si kuabudu shetani, jamani. Kwangu ni kukubali kwamba kifo kipo, kwa hivyo tusiishi kama watu wenye maisha mengine ya akiba.

Sasa, naishi na nyanya yangu, Kogo. Kama akina mama wengi wazee wa huku, ana sanduku chini ya kitanda, na ndani kuna nguo yake ya kuzikwa. Nyekundu, ya kung'aa, kola ya lace. Hajawahi kuivaa.

Kwetu kifo hakitajwi ovyo. Kogo akianza tu "siku nikienda," watu wanamnyamazisha na kumwongezea chai. Mimi nikamuuliza, "Ukienda, tuimbe wimbo gani?"

Alifurahi sana! Tukawa tunapanga mazishi yake tukichuma chai, tunacheka mpaka mbavu zinauma.

Siku moja akaniambia, "Nguo nzuri hivi, nitavaa siku sioni? Nataka kuvaa kwa koito ya Chebet."

Chebet ni binamu yangu, na koito ndiyo sherehe ya familia mbili kukubaliana ndoa.

Shangazi, binti wa Kogo, aliposikia akawaka moto. "Nguo ya kaburi haitolewi mapema! Unaita kifo! Ni huyu mtoto anakuharibu kichwa. Ukivaa, yeye anahama hapa."

Wakuu, niliogopa. Sina kwingine ninakokuita nyumbani. Nikamsihi Kogo aache. Fikiria, goth mzima anaogopa nguo!

Siku ya koito ikafika. Tumeketi na wageni, Kogo akatoka chumbani amevaa nyekundu. Watu wa nyumbani wakageuka kumtazama Shangazi.

Mzee mmoja wa upande wa bwana harusi, hajui lolote, akauliza kwa utani, "Huyu ndiye bibi harusi?"

Kogo akajibu, "Mimi ni wa kuzikwa, lakini nimeahirisha."

Nyumba ililipuka kwa kicheko. Hata Shangazi alicheka kabla hajakumbuka kununa. Kogo akacheza mpaka mursik, maziwa yetu ya mgando, ikamwagika kwenye ile lace, na hakujali hata kidogo.

Kisha akanishika mkono mbele ya wote. "Huyu haniitii kifo. Ni yeye tu aliniuliza maneno yangu. Hahami."

Wageni walipoondoka, Shangazi alinikuta naosha vikombe. Nikajua sasa ni mimi na yeye. Akachukua kitambaa, akaanza kupangusa.

"Na mimi," akasema polepole, "utaniuliza lini?"

Nilimkumbatia kwa mikono yenye sabuni.

Somo langu ni hili: wazee wetu wamebeba haya maneno peke yao, wanangoja mtu aulize. Ukiuliza, jitayarishe kukaa mpaka chai ipoe. Shangazi ameshachagua nyimbo zake, na zote ni za kuchezwa.

Nyinyi, wa kwenu mmewauliza? Leteni hapa chini.