Sensa Iliyopimwa Kwenye Chai

Kwa nini gari lizime likishapata moto, kisha likipoa liwake tena kana kwamba hakuna kilichotokea? Niliulizwa swali hilo asubuhi ya siku yangu ya kwanza kazini, kabla sijaonyeshwa hata mahali pa kuweka mkoba. Nilikuwa na shahada ya uhandisi wa umeme. Nilisema kwamba inategemea.

Aliyeuliza alikuwa Hajjati Zamzamu, mama wa Kinubi aliyepika chakula cha mchana cha chuo kimoja cha ufundi na kukipeleka mwenyewe kwa stesheni wagoni kuukuu ya Kijapani. Sufuria zilijaa nyuma hadi kwenye kioo. Alinitazama, akamgeukia bosi wangu.

"Huyu ndiye msomi uliyesema umepata?"

"Ndiye, Hajjati. Leo ndiyo ameanza."

"Kale, sawa. Basi kesho atajua."

Duka letu lilikuwa Nakivubo, ndani ya jengo lenye maduka ya vipuri kuanzia chini hadi juu, na upana wake ulitosha mlango na kaunta. Hata hivyo bosi alitaka aitwe Mkurugenzi, nasi tulimwita hivyo. Tuliuza vipuri vya mtumba vya umeme wa injini: sensa, koili, kompyuta za gari. Kwa wale wanaoanza kazi leo, wenye simu inayowaambia kila kitu, nieleze kwamba sensa ni kidude cha kupeleka habari. Sensa ya kranki, ambayo Hajjati aliihitaji, hukaa karibu na gurudumu lenye meno linalozunguka pamoja na injini. Kila jino linapopita, sensa huiambia kompyuta, nayo kompyuta hujua wakati wa kutoa cheche. Habari isipofika, cheche haitoki, na injini hunyamaza.

Sensa ya gari lile ilikuwa adimu. Kiwanda kilikuwa kimeacha kuitengeneza, na mpya zilizouzwa mjini zilikuwa za bandia. Hajjati alikwisha kufunga mbili na zote zilikufa. Mkurugenzi alikuwa nazo chache za mtumba ndani ya kopo. Alichukua moja, akagusa miguu yake kwa nyaya za mita ya kupimia umeme, mita ikasoma vizuri, akamwonyesha mteja. Hivyo ndivyo kila duka lilivyopima. Ukutani palikuwa na kibao kilichosema vitu vya umeme havirudishwi, na hapo ndipo biashara ilipoishia.

Kesho yake Hajjati alirudi na ile sensa mkononi. Gari lilikuwa limezima tena Wandegeya, katikati ya foleni, na wanafunzi walikula saa tisa. Mkuu wa chuo alikuwa amemwambia kwa upole, jambo lililomtisha zaidi, kwamba chakula kikichelewa mara moja zaidi wiki ile, kazi itapewa mtu mwingine. Katika jiko lake walifanya kazi mkwe wake na wajane wawili wa polisi kutoka kaskazini, majirani zake wa kambi ya polisi. Bila chuo, jiko lile lingefungwa.

Mkurugenzi alionyesha kibao.

"Hicho nimekisoma jana," Hajjati alisema. "Leo chakula kimebebwa na teksi iliyokula faida yote, nami nimekuja kukaa." Akavuta kiti cha plastiki, akaketi mlangoni, na kwa kuwa mlango ulikuwa ndio duka lenyewe, hakuna mteja aliyeweza kupita.

Tangu utotoni nilikuwa mtu wa kuuliza hadi watu wachoke. Baba yangu alikuwa fundi wa redio jeshini, na nyumbani kwetu Mbuya, nilipouliza kwa nini, alinijibu kwa amri. Kwa hiyo nilikuwa nimezoea kufokewa. Nilimuuliza Mkurugenzi kwa nini tunapima sensa ikiwa baridi wakati gari linazima likiwa na moto.

"Wewe uliajiriwa kuuza au kuuliza?"

Kwenye kaunta palikuwa na chupa ya chai ya rangi, ya moto sana, iliyoletwa na mama muuza chai. Nilimwaga chai kwenye kikombe cha bati, nikaifunga sensa ya Hajjati ndani ya mfuko mwepesi wa plastiki, nyaya za mita zikiwa zimeshika miguu yake, nikaizamisha. Kwa muda mita ilisoma kama kawaida. Kisha namba zikayumba, zikapotea kabisa. Nilipoitoa na kuipuliza, zikarudi.

Ndani ya sensa ya aina ile kuna waya wa shaba mwembamba kama unywele, umezungushwa mara nyingi. Waya ule ukikatika mahali fulani, ncha zake huweza kubaki zimegusana sensa ikiwa baridi. Joto likija huachana. Injini ikizima na kupoa, hugusana tena. Hilo ndilo lilikuwa jibu la swali la jana, na nilimweleza Hajjati huku nikishika kikombe.

"Kwa hiyo mmeniuzia mgonjwa mliyempima akiwa amelala," alisema.

Nilipaswa kunyamaza hapo. Badala yake nilichukua kopo zima na kuanza kuzamisha sensa zilizobaki, moja baada ya nyingine, mbele ya wateja waliokuwa wamesimama nje kwa sababu ya kiti. Hakuna iliyovumilia. Mkurugenzi alitazama chai, akatazama kopo, akanitazama mimi.

"Umeniulia duka," alisema polepole.

Nilidhani nimefukuzwa. Nadhani na yeye alidhani hivyo, maana alifungua mdomo mara mbili. Lakini Hajjati hakutikisika pale mlangoni, na watu wa nje walikuwa wanasubiri kusikia. Mwishowe Mkurugenzi akanipa chupa ya chai na mita, akaniambia niende Kisenyi, kwa wauzaji wanaokata magari ya mtumba vipande, nisirudi bila sensa inayosoma kwenye moto.

Kisenyi nilizunguka hadi miguu ikauma. Kila nilipofika niliulizwa gari gani, la mwaka gani, injini gani. Wengine walinikatalia kabla sijamaliza. Waliokuwa na sensa walikubali niipime, lakini mara tu nilipofungua chupa walicheka. Kijana mmoja aliwaita wenzake.

"Njooni muone. Dada anapika sensa."

"Ikiiva utaniwekea na mimi," akajibu mwingine. Kufikia mchana nilikuwa na jina, Dada Chai, na lilinitangulia duka hadi duka. Halikunisaidia lakini liliniepusha na kujieleza.

Wakati nikitembea kulikuwa na swali lililonisumbua. Sensa inajuaje iko kwenye gari gani? Haina akili. Inahesabu meno tu. Kama umbo lake ni lile lile, plagi yake ni ile ile, na mita inasoma ile ile, kwa nini lazima itoke kwenye gari lile lile? Niliwauliza mafundi wawili. Wa kwanza alisema ndivyo kazi ilivyo. Wa pili alisema nitaunguza kompyuta ya mama wa watu.

Mtu aliyenisikiliza alikuwa Papa Mulumba, Mkongomani aliyeuza injini nyuma ya soko, mzee mnene aliyekaa juu ya tairi na kuzungumza Kiswahili cha kwao. Nilimpa sensa ya zamani. Aliigeuzageuza, akainuka kwa taabu, akaingia ndani ya kontena. Alikaa humo muda mrefu. Alirudi na sensa iliyojaa mafuta meusi, akaifuta kwa shati lake.

"Hii hapa, mama. Ilitoka ku gari kama hiyo yako kabisa."

"Una uhakika?"

"Weye weka mu chai yako. Chai ndiyo itakuambia."

Umbo lilikuwa lile. Plagi iliingia. Chai iliyobaki haikuwa na moto wa kutosha, kwa hiyo Papa Mulumba alimwamuru muuza kahawa wa jirani atuchemshie maji, na wale waliokuwa wakinicheka walikuja kutazama. Mita ilisoma. Tulisubiri, ikaendelea kusoma. Mmoja wao akasema labda mita imekufa, tukaijaribu kwa sensa ya Hajjati, namba zikapotea mara moja. Hakuna aliyecheka tena, ila jina halikunitoka.

Fundi wa Hajjati aliifunga sensa jioni ile. Sikuamini bado. Nilimwomba Hajjati tupande na kushuka vilima hadi geji ya joto isimame mahali pake pa kawaida na feni ianze kuvuma, na yeye akaendesha Kololo na Naguru, mikono yote miwili kwenye usukani. Kwenye mteremko wa mwisho alizima injini makusudi, wakati ikiwa na moto kabisa, akawasha. Iliwaka. Akazima tena, akawasha tena. Ndipo akaanza kunisimulia harusi ya mwanawe.

Wiki ile chakula kilifika kwa wakati kila siku, na kazi ya chuo haikwenda kwa mtu mwingine. Mkurugenzi alitupa kopo la sensa mbovu, jambo lililomuuma, akanunua chupa kubwa ya chai ambayo hakuna aliyeruhusiwa kuinywa. Kibao alikibakiza, ila alianza kupima kwenye moto mbele ya mteja, na baada ya muda maduka ya jirani yalilazimika kumfuata kwa sababu wateja walikuja wakiuliza chai iko wapi.

Baadaye nilihamia karakana moja ya Kamwokya nikiwa mkaguzi wa umeme, chini ya Msimamizi aliyekuwa fundi wa magari ya jeshi. Yeye aliita kila kosa uasi, na siku aliyonikabidhi mashine ya kusoma hitilafu alisema, "Mashine ikikwambia sensa imekufa, usiizike kabla hujaona maiti." Ni agizo ambalo ningependa kila anayeanza leo alishike. Mashine hutaja mahali pa shida. Haikwambii kama ni sensa, waya au plagi iliyoingia maji. Magari mengi niliyoletewa yalikuwa yamebadilishiwa sensa isiyo na kosa wakati waya ndio ulioliwa na panya.

Sasa nimestaafu. Wazee wa Mbuya wanasema mtu wa miaka thelathini na tano hastaafu, anaacha kazi tu, lakini mgongo wangu unasema vingine, na nimepata nafasi ya kufundisha wanafunzi wa ufundi. Hawa wanauliza kuliko nilivyouliza mimi. Jana mmoja alitaka kujua kwa nini tunahangaika na magari ya zamani badala ya kuyaacha yafe. Nilimwambia kwamba gari halifi peke yake, kuna jiko nyuma yake, halafu nikamtaka apime ninachosema kwa kwenda karakana yoyote na kuuliza kila gari linamlisha nani.

Kabla sijaondoka Kamwokya nilikwenda kumuaga Papa Mulumba. Nilimkuta juu ya tairi, amezeeka zaidi, nikamwambia kwamba gari la Hajjati bado linapanda vilima na sufuria zake, na sensa haijabadilishwa. Alicheka hadi akashika kifua. Akaniambia hajawahi kuwa na gari kama lile ndani ya kontena, wala la kufanana nalo. Alinidanganya kwa kuwa watu wa mjini hawangenunua kama angesema kweli. Sensa ile aliing'oa kwenye mashine ya kunyanyulia mizigo ya ghala la bandarini Mombasa, ambayo maisha yake yote haikuwahi kutoka nje ya geti.