Duara Jeupe Lisilo na Kitu

Baba yangu hakujua kusoma, na mwaka ule alioamua kwamba mimi nimesoma vya kutosha ndio mwaka aliohitaji mtu wa kumsomea. Mungu naye ana mizaha yake.

Nilikuwa na miaka kumi na minne. Nilikuwa nimechaguliwa kwenda sekondari ya bweni Masasi, mimi na mvulana mmoja tu katika darasa zima. Baba aliisikiliza habari hiyo huku ananawa mikono. "Mtoto wa kike akalale bweni Masasi? Kusoma unajua, inatosha." Akaketi kula. Mama alinitazama, kisha akatazama sufuria. Nilimchukia baba tangu tonge lake la kwanza, na sikuona haya.

Alikuwa dereva wa lori la korosho. Alianza kama utingo, akajifunza usukani kwa kuangalia, na kila shimo kati ya Mtwara na Newala alilijua kama mtu anavyojua meno yake mabovu. Alama za barabarani zilikuwa za kuhesabu kwa vidole mjini kwetu, hazikumsumbua. Ndipo kampuni yao ikaletewa afisa usafirishaji mpya kutoka Dar es Salaam, kijana wa suruali iliyonyooka kwa pasi, akatangaza kwamba kabla ya msimu kuanza kila dereva atapimwa alama. Atakayeshindwa, aache funguo mezani.

Basi kila siku baada ya swala ya alasiri aliniita barazani, mtaani kwetu Ufukoni.

"Mama!"

"Bee, baba."

"Njoo unisomee."

Madereva walikuwa wamegawiwa kijitabu chenye picha za alama, na maana yake chini ya kila picha. Nyingi alizishika upesi, kwani baba hakuwa mjinga, hilo nalisema hata leo. Duara lenye baiskeli ndani: baiskeli marufuku. Lenye lori: malori marufuku. Lile jekundu lenye mstari mweupe katikati alilicheka kwa furaha. "Hili si tawi hili? Tawi limelazwa njiani!" Kijijini kwao, huko juu Newala, watoto wanapokuwa jandoni watu hulaza tawi kwenye njia iendayo kambini, na asiyehusika akiliona hugeuka. Njia isiyo na tawi ni ya kila mtu. Hiyo ndiyo sheria aliyokulia.

Kisha akafika kwenye duara jeupe lenye ukingo mwekundu, ndani tupu.

"Hili hawakuchora kitu," alisema. "Si baiskeli, si lori, wala tawi hamna. Maana yake hakuna kilichokatazwa. Nnapita tu. Au sivyo, mama?"

Macho yangu yalikuwa yameshasoma maneno ya chini: Magari ya aina yoyote hayaruhusiwi kupita.

"Ndivyo, baba," nikasema. "Unapita tu."

Haukuwa ulimi kuteleza. Aliniuliza tena kesho yake, na keshokutwa, na mara zote nilimjibu vilevile, kwa adabu, mikono mapajani. Nilitaka ashindwe. Nilitaka na yeye ajue jinsi inavyokuwa mtu mwingine akikufungia njia huku anakula.

Siku ya kupimwa nilichukua kikapu nikamwambia mama nakwenda kununua samaki. Uongo. Mtaa wa sokoni ulikuwa umefungiwa magari juzijuzi tu, kwa sababu akina mama walipanga bidhaa chini, na mwanzoni mwake palisimikwa duara jeupe. Baba alishatuambia watapimwa kwa kuzungushwa kutoka ghalani hadi sokoni.

Lori likaja, baba kwenye usukani, afisa pembeni yake, madereva wenzake nyuma kwenye bodi wakisubiri zamu zao. Baba akapunguza mwendo. Akaitazama ile alama vizuri, nikaona midomo yake ikitembea. Akawasha indiketa kwa uangalifu mkubwa, akakata kona, akaingia.

Wanawake wakapiga yowe. Mmoja alivuta beseni lake la dagaa tairi likiwa limeshamfikia. Afisa akavuta breki ya mkono, akamteremsha baba mbele ya soko zima.

"Ile alama inasemaje, mzee?"

"Haikatazi kitu, mkuu. Haina mchoro."

"Inakataza magari yote! Yote, mzee, na hili lako!"

Wenzake walicheka mpaka wakashikilia bodi. Muuza mihogo aliwarudishia maneno yale watu waliosimama mbali, wasikose. Nilikuwa nimesimama ubavuni mwa huyo muuza mihogo, na nikisema niliumia nitakuwa mwongo. Nilisikia raha.

"Nani kakufundisha upuuzi huu?" afisa akauliza.

Baba akainua macho, akanikuta na kikapu changu kitupu.

"Nimejifunza mwenyewe, mkuu."

Raha yangu ikaishia hapo.

Barua ya kuachishwa kazi ilifika wiki ileile. Aliniita barazani kama kawaida, nikamsomea. "Soma tena," akasema, nikasoma tena, mpaka pale palipoandikwa kwamba ameshindwa kuelewa alama. Mama alikuwa analia ndani.

Akaikunja barua. Akatoa kijitabu mfukoni mwa shati na kukifungua bila kutafuta, maana alikuwa amekunja pembe ya ukurasa. Akaweka kidole chini ya duara jeupe. Ukucha ulikuwa bado na grisi.

"Sasa nisomee na hapa, mama. Taratibu."

Nikasoma. "Magari ya aina yoyote hayaruhusiwi kupita."

"Wameandika leo?"

"Hapana, baba."

Akaitikia kwa kichwa kidogo, kama mtu aliyeelekezwa nyumba akaiona.

"Basi," akasema. "Kusoma unajua."

Akaniwekea kijitabu mapajani, akaingia ndani kumwambia mama anyamaze.