137137 kugawa kwa saba

Aibu hii heri niitoe mwenyewe kabla mke wangu Odette hajawasimulia, maana yeye ataongeza chumvi: mimi, mwalimu wa hesabu hapa Kampemba, nilishindwa kugawa kwa saba, tena mbele ya wakwe.

Ilikuwa siku ya kujitambulisha kwao Odette, mtaa wa Bel-Air, na mnajua desturi yetu, siku hiyo mchumba anakaa kimya na mjomba wake ndiye anayesema. Mjomba alisema vizuri kabisa, ila baba yake Odette, mzee aliyefanya kazi mgodini Kambove miaka thelathini, hakutabasamu hata kidogo, na tulichotaka kwake ni neno moja tu, ndiyo au hapana, jasho likanishuka mpaka kwenye soksi. Hapo nikaiona kofia yake ya mgodini ukutani, imeandikwa namba yake ya kazi, 137137, nikaipima haraka haraka (si shufwa, haiishii na tano, tarakimu zake jumla ishirini na mbili, kwa hiyo tatu haiingii), nikaridhika kuwa ni namba tasa. Nilipaswa kuendelea na saba. Badala yake nikafungua mdomo.

"Papa, namba yenu iko nombre premier! Hakuna namba inaweza kuigawa, ni moja na yenyewe tu. Iko sawa na ninyi, muntu mwenye hakuna kitu inaweza kumugawa!"

Mjomba alinikanyaga mguu, lakini maji yalishamwagika. Mzee akaomba kalamu ya bic na karatasi. Sebuleni tukawa tunasikia bic tu, na mzee akigawa pole pole, kwa tatu, kwa tano, halafu kwa saba, na mimi nilikuwa nimeshaona (namba inayorudia tarakimu zake tatu namna hiyo, saba huigawa siku zote, na kumi na moja, na kumi na tatu, nafundisha hilo kila mwaka jamani!). Nilitamani ardhi inimeze.

"19591," akasema. "Inabakia zero. Mwalimu, ulifika kwa saba?"

"Hapana, papa."

"Mi nilizala batoto saba. Wa saba njo huyu unamutaka. Baligawana nguvu yangu, usingizi yangu, hata magoti yangu, hakukubakia kitu. Na we unakuja mu nyumba yangu kusema hakuna kitu inaweza kunigawa?"

Odette alikuwa amefunika uso kwa kitenge.

"Murudie dimanche," mzee akamwambia mjomba, kisha akanigeukia. "We utaniambia kama utakubali batoto bakugawe."

Wiki ile sikulala. Jumapili mjomba akasema yote, na mzee aliponitazama nikajibu, "Nitakubali, papa," nikafunga mdomo. Akatabasamu, akaagiza chakula kiletwe.

Leo tuna watoto wawili, wameshaanza kunigawa, na kofia ile iko ukutani kwetu. Nimeapa: namba ya mtu siisifu tena kabla sijafika saba.