Vitasa vya Boti Iliyolala

Mume wangu ana tabia moja ambayo mpaka leo hunipandisha mori: akishaamua kwamba kazi ni ndogo, hutamwambia kitu. Na kubadilisha vitasa vya boti, alisema, ni kazi ndogo.

Boti yenyewe zamani ilikuwa ya kuvulia. Hifadhi ya bahari ilipokuja na masharti yake ya nyavu, wenzake wengine walihamia kuvua kule Ras Mkumbi, nje ya hifadhi. Yeye akaijengea boti kabini ya mbao, akatia mabenchi na makabati, akaanza kuchukua wageni wa kwenda kutazama matumbawe. Mimi nikawa mpika chai. Mambo yalikwenda vizuri, lakini maji ya chumvi hayana adabu, na vitasa vikaoza vyote. Boti ikipanda wimbi, makabati yanafunguka yenyewe, vikombe vinatuangukia miguuni, na mlango wa kabini tukawa tunaufunga kwa kamba kama banda la mbuzi. Siku chupa ya chai ilipomwangukia mgeni kwenye kidole cha mguu, nikasema basi: ama vitasa vipya, ama chai wajipikie.

Akavinunua mjini Kilindoni. Vilikuwa vizuri, sikatai, vizito na vya kung'aa. Ila wakati aliouchagua wa kuvifunga ndio uliotaka kutuua.

Ilikuwa bamvua, siku za maji makubwa, na boti tulikuwa tumeilaza mchangani hapa kisiwani Juani ili tuisugue chini. Maji yakikupwa, chombo hukaa pakavu kimeinama upande, kimeegemezwa kwa miti. Kila mtu hufanya hivyo. Na kila mtu, chombo kikiwa pakavu, huchomoa kizibo cha tundu la chini, tunakiita nguruzi, ili maji machafu yaliyojikusanya tumboni yatoke. Mume wangu alikichomoa, akakitia mfuko wa shati, akaingia kabini na bisibisi.

"Si ungoje ielee?" nikamwambia. "Imelala hii, mbao zimejipinda. Mlango utaupimaje?"

"Mlango ni mlango," akanijibu, akaendelea kuzungusha bisibisi.

Tungekuwa wawili, ningempa maneno yake. Lakini mama yake alikuwepo. Alikuwa amekuja kututembelea kutoka Kirongwe, akataka kuiona boti ya mwanawe, akapandishwa kwa ubao taratibu kwa sababu ya goti lake lililovimba. Akakaa kwenye benchi la ndani, amelijaza, akawa anatoa amri: kitasa hiki kishushwe, kile kipandishwe. Mimi na yeye, tangu niolewe, tulikuwa na shikamoo na marahaba, na baada ya hapo kila mtu anatazama kwake. Alimtakia mwanawe msichana wa Kirongwe, akaletewa mimi wa Juani. Hakuwahi kunitukana. Chakula changu alikidonoa kwa ncha za vidole tu, na mimi nilimwogopa kuliko ninavyoiogopa bahari.

Kitasa cha mlango kikafungwa. Mkono wa ndani ukakaa, wa nje ukakataa kwa kuwa skrubu zilikuwa fupi. Mume wangu akakusanya vifaa vyake, akasema anakwenda nyumbani mara moja kutafuta skrubu ndefu. Akaondoka na bisibisi, na mkono wa nje, na nguruzi mfukoni. Njiani adhana ya alasiri ikamkuta, na baada ya swala watu wakamkuta na mazungumzo. Hayo niliyajua baadaye.

Mimi nilikuwa nafuta makabati. Nilisikia maji yakigonga ubavuni, nikadhani bado ni yale ya mwanzo mwanzo. Mara mti mmoja wa kuegemeza ukateleza. Boti ikatikisika, ikajigeuza kidogo, mlango ukajibamiza, na kitasa kipya kikalia ta.

Nikauzungusha mkono, nikausukuma mlango. Haukwenda. Nikautikisa mkono, nikaning'inia juu yake. Mlango aliupimia boti ikiwa imelala. Sasa maji yanaisukuma, fremu imejibana na ulimi wa kitasa umeng'ata.

"Fungua bwana, joto," akasema mama mkwe.

"Haufunguki, mama."

"Sukuma."

"Nasukuma, mama!"

Hapo ndipo maji yalipochungulia katikati ya mbao za sakafu. Nilijua papo hapo yametokea wapi. Tundu lile liko nyuma, nje ya mlango, na lilikuwa wazi. Boti iliyokwisha kujaa haielei. Ingebaki palepale mchangani na maji yapande, na maji ya bamvua pale hupita kimo cha mtu. Nikapiga kelele mpaka koo likakwaruza. Upepo ulikuwa unatoka pwani, sauti yote unaipeleka baharini.

Upande ulioinuka kulikuwa na kidirisha. Mwili wangu wa siku zile ungepita. Wa mama mkwe usingepita hata nusu yake.

"Mama, natoka kwa huku. Nikazibe tundu, halafu nakuja kukufungulia."

"Utafungulia nini? Mkono wa nje anao mwanangu."

"Nitauvunja mlango."

Akanitazama. Kisha nikaona kitu ambacho sikuwahi kukiona: midomo yake inatetemeka. Akaishika kanga yangu kiunoni, akaikunja ngumini.

"Usiniache," akasema, na sauti haikuwa ya amri. "Najua hunipendi. Usiniache humu."

Nimjibu nini? Ningesema nampenda, sote wawili tungejua kuwa naongopa, na maji yalikuwa yameshafika vifundoni. Nikasema tu, "Mama, narudi." Ngumi haikulegea. Basi nikaifungua kanga, nikamwachia mkononi, nikapanda juu ya benchi na kutoka dirishani na gauni langu, nimechubuka mabega yote mawili. Nyuma yangu alitoa mguno mmoja tu, na mguno ule uliniuma kuliko michubuko.

Maji yalikuwa yanabubujika tunduni. Nikausokomeza mtandio wangu wote, nikaukandamiza kwa jiwe. Yakapungua, hayakukoma. Nikaukimbilia mlango.

"Mama! Niko hapa!"

Nikaugonga mlango kwa ngumi.

"Mama, nijibu!"

Hakujibu. Penye mkono wa nje palikuwa na kitundu tu, hata kidole hakiingii. Lakini mume wangu alibadilisha vitasa, bawaba akaziacha zilezile za zamani. Nikainyanyua nanga yetu iliyokuwa hapo nyuma, nikachomeka ncha yake nyuma ya bawaba ya chini, nikaiegemea kwa uzito wangu wote. Ikang'oka na kutu yake. Ya juu ikagoma. Niliitukana bawaba ile, nikamtukana na aliyeiacha, nikalia huku nasukuma, mpaka mbao ikapasuka na mlango ukaniangukia.

Mama mkwe alikuwa ameketi palepale, maji magotini, macho ameyafumba, anatamka shahada kwa sauti ya chini. Kanga yangu alikuwa ameikumbatia kifuani kwa mikono miwili. Akafumbua macho.

"Umerudi," akasema, kama mtu asiyeamini.

Nilipomtoa nje, wanawake wanaolima mwani walikuwa wanafika mbio, wametupa mizigo yao. Mume wangu naye anakuja, skrubu mkononi.

"Mlango wangu!" Ndilo neno lake la kwanza. Halafu ndipo alipomwona mama yake.

Mama mkwe akauweka sawa mtandio wake. "Huyu alikuwa analia tu," akawaambia wote. "Mimi ndiye niliyemwambia, toka dirishani wewe, mimi niache."

"Mashaallah, mama," wakasema, wakanigeukia mimi.

Jibu lilikuwa limeshafika mdomoni, na wanaonijua wanajua huwa silimezi. Nikamtazama. Midomo ilikuwa bado inatetemeka.

"Ndivyo," nikasema. "Aliniambia nimwache."

Mume wangu akaingia majini, akanyoosha mikono amteremshe. Mama mkwe akamsukuma.

"Wewe nenda kwenye vitasa vyako. Atanishika huyu."

Akaniwekea mkono shingoni, na uzito wake wote, tukashuka majini polepole.